Kipande na Kiungo: Kufundisha Wanafunzi Sanaa ya Kusimika kwa Pamoja

Mwaka wa kwanza nilipojaribu kazi hii, nilichora kila kitu mwenyewe. Samaki mkubwa wa waya, magamba ya makopo, kila mwanafunzi magamba kumi na kipimo chake. Samaki akatundikwa, wageni wakapiga picha, mkuu wa shule akafurahi. Jioni nikipita nyuma ya darasa nikamsikia mwanafunzi wangu mmoja akimwambia dada yake, "Ile ni kazi ya mwalimu. Sisi tulikata makopo tu."

Hakuwa ananisengenya. Alikuwa anasema kweli.

Mwongozo huu nimeuandika kwa mwalimu mwenzangu wa sekondari, hasa wa huku Tanga, ambaye anataka darasa zima litengeneze kazi moja na kila mtoto aweze kusema "hii yetu" bila kuona haya. Nitaeleza kazi moja tuliyoifanya na wanafunzi 38 wa kidato cha pili, kamba kwa kamba. Ukiipenda ichukue ilivyo, usipoipenda badili nyenzo.

Tunazungumzia nini

Picha ya ukutani unaweza kuing'oa Tanga ukaitundika Lushoto ikabaki picha ileile. Kazi ya kusimika haikubali hivyo. Mahali penyewe ni sehemu ya kazi: kivuli chake, upepo wake, watu wanaopita hapo. Tena mtazamaji hasimami mbele yake, anaingia ndani. Wengine huita usakinishaji, wengine instolesheni. Wanafunzi wangu huita "kutundika", nami nimewaachia.

Kuifanya kwa pamoja ndiko kunakowashinda wengi. Tunadhani pamoja maana yake ni watu wengi kushika kitu kimoja kwa wakati mmoja. Jaribu kuwapa watoto 38 karatasi moja kubwa na rangi uone: sita watachora, kumi watagombania brashi, waliobaki watakuwa dirishani.

Mtazame bibi anayesuka mkeka. Hasuki mkeka, anasuka ukili, utepe mrefu mwembamba, leo dhiraa tatu, kesho nne, huku akipiga soga. Jirani naye ana ukili wake. Mkeka unazaliwa siku ya kushona, ukili unapokutana na ukili. Usukaji unaweza kutofautiana rangi na nakshi, lakini upana wa ukili lazima ulingane, la sivyo hakuna mshono. Ndiyo siri yote ninayotaka kukupa: kubalianeni kiungo kabla ya kuanza kipande. Kiungo kiwe kimoja na kigumu kama sheria. Kipande kiwe huru.

El Anatsui, msanii aliyezaliwa Ghana mwaka 1944 na kufanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria, anatumia vifuniko vya chupa vilivyokunjwa na kufungwa kwa waya wa shaba. Kifuniko ni kitu cha kutupa. Waya unaokiunga na mwenzake ndio uliokifanya kifunike ukuta mzima wa jumba la makumbusho. Nawaonyesha wanafunzi picha za kazi zake kwenye simu, kisha nawauliza swali moja tu: mnadhani msaidizi mpya akiingia karakana ile, siku ya kwanza anafundishwa nini?

Kuchagua nyenzo: kwa nini katani

Nyenzo iwe na mambo matatu: ipatikane karibu, isimkate mtoto, na iwe na habari ya kusimulia. Kwetu Tanga jibu liko njiani kuelekea Pongwe, limepandwa mistari.

Katani ni nyuzi za mkonge, na mkonge si mmea wa hapa. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Safari ikawa ndefu, na iliyofika hai pwani hii ya Pangani ilikuwa 62. Mashamba ya mkonge ya huku yalianzia kwenye hiyo 62. Waambie wanafunzi namba hiyo halafu nyamaza kidogo. Watahesabu wenyewe kuwa ni chini ya madarasa mawili.

Usilete majani mabichi darasani. Utomvu wake unawasha ngozi vibaya, na kwa uzito wa jani kilicho nyuzi ni kama asilimia 4 tu, yaliyobaki ni maji na makapi. Tafuta katani iliyokwisha kusingwa, yaani nyuzi zimetenganishwa na jani, na kukauka. Wanaouza kamba huwa na mabaki mafupi yasiyofaa kwa mashine, na hayo ndiyo yanayotufaa. Kwa wanafunzi 38 nilichukua kilo 8, na zilitosha pamoja na za kuharibu.

Ilani moja kuhusu nyenzo nyingine: mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo usimtume mtoto akakuletee "ya zamani" eti kwa ajili ya sanaa. Vifuniko vya soda, mabaki ya kanga kwa fundi cherehani, vijiti vya mwanzi, hivyo vinatosha.

Na mlete mtu anayeijua nyenzo kuliko wewe. Sisi tulimwalika mzee aliyefanya kazi kwenye mashamba tangu ujana wake. Alipoingia darasa zima likasimama: "Shikamoo babu." "Marahaba wajukuu zangu, kaeni." Kabla sijafungua daftari alishavuta fungu la nyuzi, akalisokota pajani, dhiraa moja ikawa tayari. Kisha akawaeleza habari ya manamba, vibarua wa mashamba waliotoka mbali, na kipande, ile kadi iliyotiwa alama kila siku ya kazi. Hadi zitimie siku 30 ndipo ulipwe. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Babu, ukiumwa siku ya 29?" Mzee akacheka, hakujibu. Tangu siku hiyo neno "kipande" darasani kwangu halikuwa tena neno jepesi.

Lini, na wapi

Masika, Machi hadi Mei, usiguse kazi ya nje. Vuli nayo inakuja Oktoba. Muda mzuri ni shule zinapofunguliwa Julai: mvua imepungua, na kusi, upepo wa kusini, inavuma. Kusi ni rafiki maana kamba zitacheza, lakini mchana huvuma kwa nguvu, kwa hiyo ipange kazi ukijua inakotoka.

Hesabu vipindi viwili pamoja, yaani dakika 80, kwa wiki sita, na Jumamosi mbili za mwisho. Chini ya hapo utaishia kumalizia wewe mwenyewe usiku na mkeo anakuuliza kama umeajiriwa shuleni au kiwandani.

Mahali tulipopata ni uwanja mdogo kati ya miembe miwili na mikungu miwili, njia ambayo shule nzima hupita asubuhi kwenda mstarini. Ndani ya uwanja wa shule kibali cha mkuu wa shule kinatosha, pamoja na barua kwa wazazi kwa ajili ya Jumamosi. Ukitaka kutoka nje, tuseme bustani ya Jamhuri kule baharini, anza na serikali ya mtaa na halmashauri ya jiji mwezi mzima kabla.

Wiki ya kwanza: kukaa

Hakuna kutengeneza chochote. Wapeleke mahali penyewe, kila mmoja akae peke yake dakika 20 kimya, na daftari. Maswali matatu ubaoni kabla ya kutoka: nani anapita hapa? Kivuli kinaangukia wapi sasa, na saa nne asubuhi kitakuwa wapi? Upepo unagusa sikio gani?

Dakika tano za kwanza watacheka. Waache. Dakika ya kumi wataanza kuona. Kwenye madaftari yale ndimo lilimotoka wazo letu: wanafunzi wengi waliandika kitu kimoja bila kuambiana, kwamba hapo ndipo wanapokutana asubuhi kila mtu akitoka kwao. Mmoja akaandika, "Njia zote zinaishia hapa kisha kengele." Nikalisoma kwa sauti. Likawa wazo la kazi: kila mtu atengeneze kamba ya njia yake kutoka nyumbani.

Kama wazo halitoki, usiwape la kwako. Rudini mkae tena. Ni kishawishi kikubwa, nakujua.

Wiki ya pili: kutunga sheria

Hapa tumia kipindi kizima, na usiharakishe, maana mabishano haya ndiyo somo lenyewe.

Swali la kwanza lilikuwa urefu. Walitaka kilomita. Mvulana wa Chumbageni akasema kilomita si haki: yeye anatembea, mwingine anapanda daladala, kilomita moja ya huyu si kilomita moja ya yule. Msichana wa Pongwe akasema yeye akipanda daladala basi amesubiri kwanza nusu saa, na kusubiri nako ni njia. Tukaafikiana dakika: tangu kufunga mlango wa nyumbani hadi kufika chini ya mwembe. Dhiraa moja ya kamba kwa kila dakika 5.

Swali la pili: dhiraa ya nani? Dhiraa ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, kama sentimita 45, lakini mkono wa Form Two mmoja si wa mwenzake. Wakapimana. Tofauti ilifika upana wa vidole vinne. Mwisho wakakata ufito mmoja, wakauchonga alama, wakaupa jina la dhiraa ya darasa, na kila aliyepima aliutumia huo. Ukitaka kujua kama wanafunzi wako wameelewa maana ya kazi ya pamoja, waangalie wanavyougombania ufito huo na wanavyoulinda.

Sheria zilizobaki tuliziandika kwenye karatasi kubwa ikabandikwa ukutani:

Kila kamba inaanza na kitanzi cha upana wa vidole viwili, si zaidi. Fundo moja kwa kila mahali pa kukumbukwa njiani. Rangi ya asili kwa kutembea, rangi ya majani ya chai kwa chombo cha moto, manjano kwa baiskeli. Na pale njia za watu wawili zinapokutana, kamba zao zitaungwa kwa uzi.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyofanya kazi kubwa kuliko zote. Huwezi kujua njia yako inakutana na ya nani bila kumuuliza. Watoto waliokaa dawati moja mwaka mzima waligundua wote hupita nyuma ya uwanja wa Mkwakwani. Wa Mabawa na wa Makorora wakabishana barabara ya ngapi Ngamiani ndiyo ya njia panda yao. Wakachora ramani sakafuni kwa chaki, na mwalimu wa jiografia akaja kusimama mlangoni.

Kumbuka pia nafasi ya uhuru. Nilipoulizwa "Mwalimu, fundo liweje?" nilijibu sijui. Mmoja alifunga kifuniko cha soda penye duka anaponunua ubuyu. Mwingine alisuka kipande cha kanga ya bibi yake aliyefariki. Kipande ni chake, hakuna ruhusa ya kuomba.

Kusokota

Hii ni stadi ya mkono, ionyeshe polepole na uwe umejizoeza nyumbani.

Chukua nyuzi kavu, zichane kwa vidole, zimwagie maji kidogo zilainike. Kuchana ni nje, penye upepo, na kitambaa puani. Vumbi la katani linakera mapafu. Usilipuuze kwa kuwa halionekani: mwaka 2010 msanii Ai Weiwei alimwaga mbegu milioni 100 za kaure kwenye jumba la sanaa London ili watu wazikanyage, na baada ya siku chache wakazuiwa kuzikanyaga kwa sababu ya vumbi lake. Jumba kubwa kama lile lilikumbuka vumbi likiwa limeshatimka.

Gawa mafungu mawili yenye unene wa penseli. Fungu la kwanza lisokote pajani kuelekea mbele, na la pili vilevile. Kisha yaweke pamoja uyasokote kurudi nyuma. Msokoto wa kwanza unataka kufumuka upande mmoja, wa pili upande wa pili. Unapingana nao, na kwa kupingana huko kamba inashikana. Watoto hulielewa mara moja wakiachia kamba na kuona haifumuki.

Nyuzi zikikaribia kuisha, ongeza mpya kabla ya kuisha, tena ongeza fungu moja moja. Ukiongeza yote mawili mahali pamoja, hapo ndipo kamba itakapokatika, na itakatika siku ya mgeni rasmi.

Mwanafunzi mgeni wa kazi hupata dhiraa moja na nusu hadi mbili kwa kipindi cha dakika 40. Anayekaa dakika 30 kutoka shule anahitaji dhiraa 6, na mafundo yanakula urefu, kwa hiyo asokote 8. Anayekaa mbali ana kazi zaidi. Msiifiche tofauti hiyo. Walio karibu walimaliza wiki ya tatu, wakaanza kuwasokotea wa mbali bila mimi kusema neno, isipokuwa msichana wa Pongwe aliyekataa katakata kusaidiwa.

Rangi: majani ya chai yaliyochemshwa yakawa mazito hutoa kahawia inayodumu vya kutosha. Manjano, ile bizari ya jikoni, huchangamka sana, lakini jua huyafifisha haraka; kwa maonyesho ya wiki mbili si neno.

Kuwagawa watu

Makundi ya watu sita kwa mitaa, si kwa urafiki. Kila kundi lina mtunza kipimo, mwandishi wa shajara, na mkaguzi wa vitanzi. Vyeo vizunguke kila wiki.

Utakutana na wawili wa kila mwaka. Kuna fundi, ambaye mikono yake ni mizuri, na kufikia wiki ya tatu anasokota kamba za kundi zima huku wengine wanamshangilia. Mpe kazi ya kufundisha na umkataze kugusa kamba ya mwenzake. Aweke mikono mgongoni aeleze kwa mdomo. Atateseka. Na kuna anayesema hajui. Huyo mpe ukaguzi. Mtoto aliyekuwa akijificha nyuma aligeuka mkali kuliko mimi, akarudisha vitanzi kumi na vitatu, kimoja changu.

Hesabu ya kamba mama

Walimu wa sanaa hupenda kuruka sehemu hii. Usiiruke, ni vichwa vya watoto vitakuwa chini.

Kamba za wanafunzi zinaning'inia kwenye kamba mama nne za nailoni nene, kila moja mita 10, zimefungwa urefu wa mita 4.5. Kwa nini si za katani? Kwa sababu katani ikilowa hujaa maji na kufupika. Mwaka wa samaki nilitumia kamba ya katani iliyokazwa barabara, ikanyesha usiku mmoja tu, asubuhi tukakuta fito imeng'oka na misumari yake. Kamba ya mwanafunzi ikifupika haina madhara, inaning'inia tu. Kamba mama ikifupika inavuta kitu.

Na usiikaze. Kamba iliyonyooka kama rula inapendeza macho na ndiyo hatari. Chukua mzigo wote wa kamba mama moja ukiwa umelowa, tuseme kilo 20, ingawa wetu haukufika huko. Ukiiacha kamba ya mita 10 ilegee katikati mita 1, kila mwisho unavutwa kwa nguvu ya kama kilo 25. Ukiikaza hadi ilegee sentimita 10 tu, mzigo uleule unavuta kwa nguvu ya kama kilo 250. Njia ya hesabu: uzito mara urefu, gawa kwa mara nane ya ulegevu. Mpe mwalimu wa hisabati aifanye na darasa. Ndiyo maana pia hatufungi kwenye nguzo za baraza la darasa. Zilijengwa kubeba bati, si kuvutwa ubavuni.

Funga gunia kwenye shina kabla ya kamba ili gome lisikatike. Ngazi anapanda fundi mtu mzima. Mwanafunzi hapandi, hata yule anayesema kwao anaangua nazi.

Kwenye kamba mama piga vitanzi vidogo kila dhiraa moja. Ukiacha mwanya pembeni, kila moja inapata kama 17, jumla 68 kwa kamba 38. Nafasi zinazobaki wazi ni za makusudi: wanafunzi wanapata pa kuchagua, na mtazamaji anapata pa kupita. Kitanzi cha kamba ya mwanafunzi kinapitishwa ndani ya kitanzi cha kamba mama, kijiti cha mwanzi kinachomekwa, basi. Kama kifungo na tundu. Kamba yoyote inashuka bila kukata wala kufungua ya jirani, na hilo litakuokoa siku mtoto atakapokuja kusema amekosea njia.

Kamba mama zikae kukingama na upepo wa kusi, zikiachana mita 2. Upepo ukivuma, kamba zinakwenda kuelekea kwenye uwazi badala ya kumwendea jirani wa sentimita 45.

Sasa usalama, na hapa mimi sina mchezo. Kitanzi chochote kinachoweza kupita kichwa cha mtoto mdogo hakiruhusiwi, popote. Nyuzi zinazounga kamba mbili ni uzi wa cherehani, mmoja, unaokatika ukivutwa. Mtoto akikimbia ndani yake, uzi ukatike, si shingo ishikwe. Kabla ya kufungua nilipita mwenyewe nikivuta kila kiungo kwa mkono. Viwili havikukatika, mtu alikuwa ametumia mshipi wa kuvulia samaki kwa nia njema. Tukavitoa. Na moto usikaribie: mishumaa, sigara, jiko la mama wa vitumbua, vyote mbali. Katani kavu hushika mara moja.

Kwanza boksi la viatu

Kabla ya Jumamosi ya kusimika, kila kundi litengeneze mfano ndani ya boksi la viatu: nyuzi za kushonea, ukubwa wa dhiraa kuwa sentimita 2. Weka macho yako usawa wa sakafu ya boksi, tazama. Hapo ndipo kundi la pili lilipogundua kwamba kamba zote fupi zikikaa mbele hakuna atakayeona za nyuma, na kundi la tano likapendekeza wa mitaa ya karibu wakae katikati, wa mbali pembeni, kama ramani. Tukapiga kura baada ya kubishana. Wazo la kundi la tano likapita kwa kura chache, na kiongozi wa kundi la pili akanuna hadi Jumatatu.

Siku ya kusimika

Anza saa moja asubuhi, umande, ule upepo wa asubuhi, ukiwa bado unavuma kutoka bara na kusi haijaamka. Kamba mama kwanza, zikaguliwe, ndipo watoto waitwe. Mpangilio: wa njia ndefu kwanza, wafupi mwisho, maana kamba ndefu zinahitaji nafasi ya kunyooshwa. Fundi yuko juu ya ngazi, mwanafunzi chini anasema, "Fundi, nisogezee kushoto, kitanzi kimoja tena." Kila mwenye kamba anasema mahali pake. Mwalimu anashika ngazi na kufunga mdomo.

Nyuzi za kuunga huja mwisho, adhuhuri, na hapo utaona kitu ambacho mpango wowote haukuonyesha. Kazi yetu ilikuwa kamba zinazoning'inia hadi walipoanza kuungana. Penye fundo la Mkwakwani zilikutana kamba tisa.

Kamba ya msichana wa Pongwe ilikuwa dhiraa 15, karibu mita 7. Mti hauna urefu huo. Mita mbili na ushee zilibaki chini, nikataka kuzikunja juu zisikanyagwe. Akasema, "Mwalimu, ziache. Ndivyo ilivyo." Tukazizungusha chini kama kamba ya nanga, tukaweka mawe pembeni.

Watazamaji

Kibao kimoja tu, kwa Kiswahili, kisichofasiri: jina la kazi, sheria nne, majina ya wote 38 kwa alfabeti. Wafundishe wanafunzi kuongoza wageni kwa zamu za watu wanne, na wakatazwe kuanza na "Kazi hii inamaanisha." Waanze na "Hii ni yangu, na hapa nakutana na fulani."

Jumatatu asubuhi shule nzima ilipita humo kwenda mstarini. Mwalimu wa zamu, ambaye kazi yake ni kusimama getini na wachelewaji, alifika kwenye ile kamba iliyolala chini akauliza ni ya nani. Akaambiwa. Akahesabu mafundo kwa ncha ya kiboko chake, moja moja, akaenda zake. Sikumuuliza kitu.

Alama

Usitoe alama moja kwa darasa zima. Wavivu wataipenda na wachapakazi watakuchukia. Mimi hugawa hivi: 40 kwa kamba yenyewe, yaani msokoto, kipimo, kitanzi, 30 kwa viungo, aliviafiki na nani na anaweza kueleza vipi, 30 kwa shajara. Urefu wa kamba hauna alama. Uzuri nao sikuupa, na sitajitetea hapa.

Kushusha

Baada ya wiki mbili, kabla haijapauka, ishusheni pamoja. Kinyume cha kusimika: nyuzi, kamba fupi, kamba ndefu, kamba mama. Piga picha ya kila kamba ikiwa imelazwa kando ya ufito wa dhiraa, hiyo ndiyo kumbukumbu utakayomwonyesha mkuu wa shule ukiomba bajeti mwakani. Kagua gome la miembe.

Kamba zilizopata mvua au umande zianikwe kivulini hadi zikauke kabisa kabla ya kukunjwa. Katani ikihifadhiwa na unyevu huoza kuanzia ndani, nje ikionekana nzima. Kila mmoja akaondoka na yake. Nyingi nadhani zimeshafunga mbuzi. Ya Pongwe mwenyewe alisema inakwenda kisimani, kwao ndoo ilikuwa inashushwa kwa kamba mbili zilizoungwa, na ile ilitosha peke yake.